Kwa Nini Filamu ya Leamas Haijachuja

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtumishi wa masjala hapa Dodoma. Ofisi yetu iko Mtumba na ninaishi Ilazo pamoja na mdogo wangu wa kiume. Hivi karibuni alirushiwa filamu nyingi kwenye fleshi, na mojawapo ilikuwa ya kijasusi ya zamani, "The Spy Who Came in from the Cold". Yeye aliiacha njiani, akisema kwamba haina rangi, haina mapigano, na stelingi mwenyewe ni mlevi mwenye koti lililochakaa. Mimi niliitazama hadi mwisho na imenikaa moyoni. Naomba kujua ni kitu gani kinachoifanya filamu ya mwaka 1965 iendelee kupendwa na kusifiwa hadi leo. Pia lipo jambo linalonisumbua: je, Leamas, yaani stelingi huyo, alikuwa mjinga kushuka ukutani wakati usalama ulikuwa upande wa pili, na watu wake walikuwa wakimwita aruke?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nitatanguliza jibu lenyewe, kisha nilieleze kwa urefu. Filamu hii inadumu kwa sababu inamdanganya mtazamaji kwa namna ileile ambayo idara ya ujasusi inamdanganya mtu wake, na inamwacha katika udanganyifu huo kwa muda uleule. Dakika ambayo Leamas anatambua ametumiwa kufanya nini, ndiyo dakika ambayo sisi nasi tunatambua, na tunajikuta kwamba kwa zaidi ya saa moja na nusu tumekuwa tukiuombea ufanisi mpango ambao, laiti tungeujua mapema, tungeukataa kwa nguvu zote. Jambo la namna hiyo halichakai kwa kupita miaka, kwa kuwa halitegemei ufundi wa kipindi fulani. Kwa wasomaji ambao hawajaitazama, naomba radhi: itanibidi nisimulie hadi mwisho, kwani swali la pili haliwezi kujibiwa bila kufanya hivyo.

Historia yake ni fupi. Filamu inatokana na riwaya iliyotoka mwaka 1963, iliyoandikwa na John le Carré, jina la uandishi la David Cornwell, ambaye alikuwa mtumishi wa idara za usalama na ujasusi za Uingereza na hakuruhusiwa kuchapisha kwa jina lake halisi. Ukuta wa Berlin ulipoanza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961, alikuwa akifanya kazi katika ubalozi wa nchi yake mjini Bonn, na hasira aliyoipata kutokana na kuona mji ukikatwa vipande viwili ndiyo iliyomwandikisha riwaya ile kwa kasi. Mwongozaji wa filamu ni Mmarekani Martin Ritt; mswada uliandikwa na Paul Dehn na Guy Trosper; picha zilipigwa na Oswald Morris. Richard Burton anaigiza kama Alec Leamas, Claire Bloom kama Nan Perry, Oskar Werner kama Fiedler, na Peter van Eyck kama Mundt. Ilitoka Desemba 1965. Kile kituo cha ukaguzi cha Checkpoint Charlie unachokiona mwanzoni hakikupigiwa picha Berlin. Kilijengwa kwa ajili ya filamu katika eneo la Smithfield, mjini Dublin.

Sasa tuje kwenye hila yenyewe, kwa maana hapo ndipo uzito wote ulipo. Leamas ni mkuu wa kituo cha ujasusi wa Uingereza mjini Berlin. Filamu inapoanza, anamsubiri usiku Karl Riemeck, wakala wake wa mwisho aliyebaki upande wa Mashariki, na Riemeck anapigwa risasi akijaribu kuvuka, mbele ya macho yake. Mawakala wengine walikwisha kumalizwa mmoja baada ya mwingine, na anayewamaliza anajulikana: ni Mundt, kigogo wa idara ya ujasusi ya Ujerumani Mashariki. Leamas anaitwa London, na mkuu wake, ambaye hajulikani kwa jina lingine ila Control, anamwomba avumilie kidogo tena kabla ya kupumzishwa. Baada ya hapo tunamwona Leamas akiporomoka. Amechacha, analewa, anapata kazi ndogo katika maktaba, anampiga muuza duka aliyemnyima mkopo, anafungwa jela. Akitoka, watu wa upande wa pili wanamjia kwa upole, wakimpokezana mmoja hadi mwingine, kutoka London hadi Uholanzi na kutoka Uholanzi hadi Ujerumani Mashariki, kila mmoja akiwa na cheo kikubwa kuliko aliyemtangulia, mpaka anafika mikononi mwa Fiedler, msaidizi wa Mundt.

Hatuambiwi waziwazi kwamba kuporomoka kule ni mpango. Tunakisia, na kukisia kwetu kunatufanya tujione werevu. Kadiri Leamas anavyohojiwa na Fiedler, tunaanza kuunganisha habari: fedha ambazo Leamas aliziweka katika benki za Copenhagen na Helsinki kwa majina ya bandia, na safari za Mundt katika miji hiyohiyo. Tunang'amua kwamba lengo ni kumfanya Mundt aonekane analipwa na Waingereza, ili wenzake wamuue wenyewe. Fiedler, ambaye amemshuku mkubwa wake kwa muda mrefu, anaimeza chambo. Nasi tunafurahi, kwa sababu Mundt ni muuaji, alikuwa Mnazi, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kumtetea.

Ndipo linapokaa baraza la siri. Mtetezi wa Mundt anamwita shahidi ambaye hakuna aliyemtarajia, Nan, yule binti mkomunisti wa maktabani aliyempenda Leamas, ambaye ameletwa Ujerumani Mashariki kwa kisingizio cha ziara ya chama. Kwa moyo mweupe, akidhani anamsaidia mpenzi wake, anaeleza kwamba watu wa London walikuja kumwona na kumsaidia baada ya Leamas kuondoka. Maneno hayo yanatosha kuonyesha kwamba Leamas hakufukuzwa kazi hata siku moja, kwamba ametumwa, na kwamba mashtaka ya Fiedler ni kazi ya maadui. Mundt anasafishika. Fiedler anakamatwa. Na Leamas, akiwa amesimama pale mbele ya wote, anaelewa jambo ambalo lilifichwa kwake tangu alipokaa ofisini kwa Control: Mundt kweli ni mtu wa London. Amekuwa mtu wao muda wote. Fiedler alikuwa ameukaribia ukweli, na kwa sababu hiyo ilibidi afe. Ushahidi ambao Leamas aliubeba kwa mateso yote yale ulitengenezwa kwa makusudi ili ubomoke mbele ya baraza.

Ningependa uitazame mara ya pili ukiwa unajua hayo, kwa kuwa utakuta filamu nyingine kabisa ndani ya ileile. Chukua mazungumzo ya awali ambamo Control anamwambia Leamas kwamba mbinu za pande zote mbili zimekuja kufanana, na kwamba mtu hawezi kuwa mpole kuliko adui yake kwa sababu tu sera ya serikali yake ni ya wema. Mara ya kwanza yanasikika kama falsafa ya mzee aliyechoka. Mara ya pili unatambua kwamba mzee huyo anamwambia Leamas, uso kwa uso, kile anachokwenda kumtendea. Chukua pia mahali ambapo Fiedler anamuuliza Leamas watu wake wanaamini nini, ni imani gani inayowapa haki ya kufanya wanayoyafanya, na Leamas anajibu kwa ukali kwamba yeye ana haki ya kubaki bila kujua, na kwamba huko ndiko kuishi kwa namna ya Magharibi. Mtazamaji wa mara ya kwanza hucheka kidogo. Anayeirudia anajua kwamba kutojua kwa Leamas ndiyo silaha ambayo wakubwa wake waliitumia, na kwamba mtu aliyejivunia kutouliza maswali ameshikwa kwa kamba hiyohiyo.

Na hapa sina budi kukaa kidogo kwa Fiedler, maana kwa maoni yangu yeye ndiye moyo wa filamu. Oskar Werner, mzaliwa wa Vienna, alimpa akili, ucheshi na aina ya usafi ambao hakuna mtu mwingine kwenye hadithi anao. Alipata tuzo ya Golden Globe kwa nafasi hiyo, na aliistahili. Fiedler ni Myahudi anayeitumikia nchi ya Wajerumani, chini ya mkubwa ambaye zamani alikuwa Mnazi. Anaiamini kazi yake kwa dhati, anauliza maswali ya kweli, na anampenda Leamas kwa jinsi adui mwenye heshima anavyoweza kumpenda adui. Kisha tunaambiwa kwamba Uingereza, nchi iliyopigana na Wanazi, imemtoa kafara Myahudi huyu ili Mnazi aendelee kukaa kwenye kiti chake na kuleta taarifa. Hakuna hotuba inayosema hivyo. Mambo yamepangwa tu kando kwa kando, nasi tunaachiwa tuyabebe. Kila ninapojadili filamu hii na wanafunzi, huwa napata kwamba wale walioguswa zaidi walianza kwa kumwona Fiedler kama adui, na wakamlilia bila kujua lini walibadilika.

Mdogo wako amelalamikia ukosefu wa rangi, na lalamiko hilo lina jibu. Mwaka 1965 filamu za rangi zilikuwa jambo la kawaida kabisa. Desemba hiyohiyo ilitoka filamu ya James Bond, "Thunderball", yenye bahari ya buluu na mapigano chini ya maji. Ritt na Morris walichagua kupiga picha za nyeusi na nyeupe, tena si zile zenye weusi mkali na weupe wa kung'aa, bali za kijivu, kama asubuhi ambayo jua limekataa kutoka. Katika kijivu hicho London na Berlin Mashariki zinafanana: ngazi zilezile, vyumba vilevile vya baridi, makoti yaleyale. Control alisema kwa mdomo kwamba pande mbili zimefanana, na kamera inalithibitisha. Kazi hiyo ya Morris ilipata tuzo ya BAFTA, na filamu yenyewe ikapata ya filamu bora ya Uingereza.

Jambo moja la kuvutia ni kwamba Paul Dehn, mmoja wa waandishi wa mswada huu, ndiye aliyeshiriki kuandika "Goldfinger" mwaka mmoja kabla, na katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa amefanya kazi katika kikosi cha siri cha Uingereza. Na yule muuza duka anayepigwa ngumi na Leamas ni Bernard Lee, mwigizaji ambaye watazamaji wa enzi hizo walimjua kama bosi wa James Bond. Sidhani kwamba uchaguzi ule ulikuwa wa bahati. Watu waliotengeneza filamu hii waliijua vizuri ndoto ya ujasusi ambayo filamu za Bond zilikuwa zikiiuza, na waliamua kuonyesha kazi yenyewe bila ndoto. Magari yenye bunduki, saa zenye mionzi na mashine za ajabu za miaka ya 1960 leo huwafanya vijana watabasamu. Katika filamu ya Leamas hakuna kifaa cha kutabasamia. Kuna simu, faili, chupa ya wiski, na watu wawili wakizungumza mezani huku mmoja akijua zaidi kuliko mwenzake.

Burton mwenyewe alikuwa mwigizaji wa jukwaani mwenye sauti iliyoweza kujaza ukumbi bila kipaza sauti, naye alisifika kwa kuitumia bila kuibania. Hapa ameibana. Anazungumza kwa sauti ya chini, ya mtu anayeokoa nguvu, na uso wake umefungwa kama dirisha la duka siku ya msiba. Kwa kuwa amejizuia muda mrefu hivyo, anapolipuka ndani ya gari akimweleza Nan majasusi ni watu gani hasa, yaani walevi, watu dhaifu, watu wa ovyo kama yeye, na si wanafalsafa wanaopima kila tendo kwa mizani ya haki, maneno yanatoka kama kitu kilichokuwa kikimsonga kwa miaka. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, ingawa hakuishinda.

Wewe umesema unafanya kazi masjala, nami nadhani hilo limechangia filamu kukukaa moyoni. Dodoma ni mji wa watumishi, na hii, ukiondoa ukuta na risasi, ni filamu ya kiofisi. Inahusu mtu aliyetumikia kwa miaka mingi, ambaye anakaribia kupumzika, anayeahidiwa kwamba jukumu hili ndilo la mwisho, na ambaye jalada lake linasomwa na watu asiowaona. Mkubwa wake ni mpole, anazungumza naye kwa adabu na kumuulizia hali, na katikati ya adabu hiyo anaamua hatima ya watu watatu. Filamu nyingi za kijasusi humwonyesha mwovu akipiga kelele. Hapa maovu makubwa kuliko yote yanaamuliwa kwa lugha ya kikao, na kila mmoja anayehusika anaweza kusema kwamba alifuata utaratibu. Mtu aliyewahi kushika jalada la mwenzake mkononi, akijua kilichoandikwa ndani huku mwenyewe hajui, anaielewa filamu hii kwa undani ambao mtazamaji wa kawaida haufikii kwa haraka.

Martin Ritt naye aliielewa hali hiyo kwa uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifungiwa milango ya televisheni ya Marekani kwa tuhuma za kuwa na mwelekeo wa kikomunisti, katika kipindi ambacho majina ya wasanii yaliwekwa kwenye orodha na watu wakapoteza riziki bila kufikishwa mahakamani. Sam Wanamaker, anayeigiza kama Peters, yule anayemhoji Leamas Uholanzi, pia alikumbwa na orodha hizo na akaamua kubaki Uingereza. Kwa hiyo baraza unaloliona kwenye filamu, ambamo mtu anaweza kuingia akiwa mshtaki na kutoka akiwa mshtakiwa, liliongozwa na mtu aliyejua harufu yake. Nadhani ndiyo sababu filamu haimpendelei yeyote: Ritt aliona upande wake mwenyewe ukifanya yale ambayo ulidai kwamba hufanywa na upande wa pili.

Baadhi ya vijana huniambia kwamba Vita Baridi ilikuwa ugomvi wa watu wengine, nasi tulikuwa watazamaji tu. Kumbukumbu za miaka hiyohiyo zinasema vingine. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, ikiwa ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo, na Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Ujerumani Mashariki, yaani mkuu wa idara ambayo riwaya iliwabunia Mundt na Fiedler, alikwenda Zanzibar mwenyewe mwaka huo kusaidia kuunda chombo cha usalama, kama alivyosimulia baadaye katika kumbukumbu zake. Muungano ulipokuja tarehe 26 Aprili 1964, suala hilo likawa la Tanzania nzima, kwa sababu Ujerumani Magharibi ilikuwa na msimamo kwamba haiwezi kuendelea na uhusiano wa kawaida na nchi inayoitambua Ujerumani ya pili. Februari 1965 serikali yetu iliruhusu Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikajibu kwa kuondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na misaada mingine iliyobaki, kwa kuwa hakukubali fedha ziamue nani awe rafiki yetu. Mwezi mmoja kabla, wanadiplomasia wawili wa Marekani walikuwa wamefukuzwa nchini kwa tuhuma za njama, tuhuma ambazo nchi yao ilizikana, na chanzo chake kilikuwa mazungumzo ya simu. Ukienda Unguja, majengo ya Kikwajuni na Kilimani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki bado yanakaliwa na familia. Hadithi ya Ujerumani mbili ilifika hadi kwenye meza za serikali yetu katika mwaka uleule ambao Burton alikuwa akiigiza.

Haina maana kwamba filamu haina kasoro. Nan ameandikwa kwa haraka. Imani yake ya kikomunisti inaelezwa kama uzuri wa moyo wa msichana, wala haipewi nafasi ya kujitetea kwa hoja kama ile ya Fiedler inavyopewa, na Claire Bloom analazimika kuziba pengo hilo kwa macho yake. Katika riwaya mhusika huyo, anayeitwa Liz, ana nafasi kubwa zaidi ya kufikiri. Upungufu huo una gharama, kwa sababu mwisho wa filamu unategemea sana thamani ya maisha yake.

Nalijibu sasa swali lako la pili. Mundt anawatorosha Leamas na Nan kutoka kizuizini na kuwapatia gari, kisha wanaongozwa hadi mahali pa kupanda ukuta. Leamas anapanda kwanza, anamshika Nan mkono ampandishe, na Nan anapigwa risasi. Yeye peke yake. Leamas anabaki juu, mzima, huku watu wa London wakimwita kutoka upande wa Magharibi aruke. Pale anaelewa kwamba hata kifo cha Nan kilikuwa kwenye mpango. Nan alikuwa mkomunisti aliyejua sasa kwamba Mundt ni mtu wa Waingereza, na mtu kama huyo asingeachwa arudi nyumbani na siri hiyo. Akashuka upande wa Mashariki, alikolala Nan, na ndipo walipompiga risasi.

Wapo wanaosema alishuka kwa mapenzi, na wapo wanaosema alikata tamaa. Yote mawili yamo, lakini kwangu hayatoshi. Angalia kwamba tangu mwanzo wa filamu kila alichokifanya Leamas kilikuwa kimepangwa na mtu mwingine, hata ulevi wake, hata kifungo chake, hata kumpenda Nan, kwa kuwa mapenzi yale nayo yaligeuzwa kuwa ushahidi. Kuruka upande wa Magharibi kungekuwa hatua ya mwisho ya mpango uleule: angerudi London, angeshukuriwa kwa kazi nzuri, angepewa pensheni, na kukaa kwake hai kungekuwa sahihi yake chini ya yote yaliyotendeka. Kushuka ni tendo la kwanza ambalo hakuna aliyempangia. Kwa hiyo sikubali kwamba alikuwa mjinga. Wala sisemi kwamba tendo hilo lilisaidia kitu. Mundt anabaki kwenye kiti chake, Fiedler hakuokoka, na London itaendelea kupokea taarifa zake kesho yake asubuhi. Filamu haikupunguzi uchungu kwa kukuahidi kwamba kifo chake kitawafichua wakubwa, na uaminifu huo ndio unaoifanya ikusumbue hadi leo. Hata le Carré hakuweza kuachana na jambo hili: mwaka 2017, miaka 54 baada ya riwaya ya kwanza, alichapisha nyingine ambamo mtoto wa Leamas na mtoto wa yule mwanamke wanaidai idara ieleze wazazi wao walikufa kwa ajili ya nini.

Kuhusu mdogo wako, usimlaumu. Amekulia kwenye kanuni ya vibanda vya video kwamba stelingi hafi, na hata sisi wazee tuliosoma visa vya Willy Gamba vya Elvis Musiba tulizoea kachero ambaye akili na ngumi zake zinamtosha. Tena, filamu nyingi za kigeni zimemfikia kupitia watafsiri wanaosimulia juu ya picha, waliofuata nyayo za Lufufu, sanaa ambayo naiheshimu sana. Ila filamu hii haiwezi kusimuliwa hivyo, kwa sababu msimulizi akishakuambia nani ni adui, amekwisha kuivunja. Kama utakubali kujaribu tena, mweleze kabla ya kuanza mambo mawili tu: kwamba kulikuwa na Ujerumani mbili, na kwamba Mundt na Fiedler wanafanya kazi katika ofisi moja. Zima simu zenu, na mchague usiku ambao umeme una uhakika, kwa sababu mtu akikatishwa katikati ya mahojiano ya Fiedler hupoteza nyuzi. Baraza la siri linapokaribia kuanza, simamisha filamu na umuulize angependa nani ashinde, Mundt au Fiedler, na kwa nini. Mwache ajibu kwa kirefu, usimsahihishe, kisha endeleeni kutazama.